Chovya Chovya: Pesa ya Kijana Huishia Wapi Kabla ya Mwezi Kuisha?

Mwulize kijana aliyeanza kujitegemea anatumia kiasi gani kwa mwezi, naye atakujibu bila kusita. Atataja kodi ya nyumba, nauli, chakula, umeme, bando la intaneti. Atajumlisha, na jumla itakuwa ndogo kuliko kipato chake. Kwa hesabu hiyo, kila mwisho wa mwezi anatakiwa abaki na kitu mkononi. Habaki nacho. Hakubaki nacho mwezi uliopita wala ule wa kabla yake, na ukimwuliza hizo pesa za katikati zilikwenda wapi, atakwambia kwa dhati kabisa kwamba hajui.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba vijana hawana nidhamu ya pesa. Yana ladha ya ukweli, ndiyo maana yamedumu, lakini hayaelezi kwa nini mtu yuleyule anawahi kazini mwaka mzima, anamaliza masomo magumu, anatunza siri za watu, halafu anashindwa kuufikisha mshahara tarehe 30. Mimi naona tatizo liko kwingine. Sehemu kubwa ya matumizi yanayotuzidi haitokani na uamuzi mbaya. Hutokea mahali ambapo hakuna uamuzi wowote uliofanyika: pesa ilitoka yenyewe, au ilitoka kidogokidogo, au ilitoka kwa jina la "leo tu". Kwa hiyo anayetaka kubana matumizi asianze kwa kujikaza. Aanze kwa kutafuta ni wapi pesa inatoka bila kumwuliza.

Mwezi wa kawaida haupo

Turudi kwa kijana wetu na jumla yake isiyotimia. Hakudanganya. Aliulizwa matumizi ya mwezi, akaorodhesha ya mwezi wa kawaida, na mwezi wa kawaida haujawahi kumfikia hata mmoja. Mwezi wa kwanza rafiki alifunga ndoa. Wa pili simu ilivunjika kioo. Wa tatu ilikuwa safari ya ghafla, wa nne jino, wa tano siku ya kuzaliwa ya mtu asiyeweza kupewa zawadi ya hovyo.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani Abigail Sussman na Adam Alter walichapisha kazi iliyoeleza jambo hili vizuri. Watu hukadiria matumizi yao ya kila siku kwa usahihi wa kuridhisha, lakini hupunja sana makadirio ya yale yasiyo ya kawaida. Zaidi ya hapo, hulegeza mkono kwenye hayo yasiyo ya kawaida kwa sababu kila moja hulitazama peke yake, kama jambo litakalotokea mara moja na kwisha. Na kweli harusi ya rafiki huyu itatokea mara moja. Kisichotokea mara moja ni kundi lenyewe la mambo yanayotokea mara moja. Kundi hilo huja kila mwezi, likiwa limebadilisha sura tu.

Kama una saa mbili za kushughulikia pesa zako mwaka huu, zitumie hapa. Pata taarifa za akaunti yako ya benki na za pesa za kwenye simu kwa miezi 12 iliyopita. Usihangaike na nauli wala umeme. Chukua kalamu uzungushie kila kitu ambacho siku ile ulijiambia ni cha dharura, cha heshima, cha bahati, au cha "sitarudia tena". Jumlisha vyote, gawa kwa 12. Namba utakayopata ndiyo ile iliyokuwa inakosekana kwenye bajeti yako, na kwa watu wengi ni kubwa kiasi cha kuwafanya warudie hesabu.

Ukishaipata, usipigane nayo kwanza. Iingize kwenye bajeti kama unavyoingiza kodi ya nyumba, uitenge kila unapolipwa, hata mwezi ambao hakuna kinachoonekana kukaribia. Mwezi wa harusi ukifika, pesa ya harusi ipo. Mwezi usipokuwa na tukio, hiyo si ziada ya kusherehekea. Ni zamu ya mwezi unaofuata. Naona mabadiliko haya peke yake huwasaidia watu kuondokana na mikopo midogo kuliko ushauri wowote wa kuacha starehe, kwa sababu mikopo midogo mingi huchukuliwa kulipia mambo ambayo yangeweza kutabiriwa kwa jumla yake hata kama hayakuweza kutabiriwa moja moja.

Kuna kosa jingine dogo la hesabu linaloenda pamoja na hilo. Wengi wakishajua wanatumia kiasi gani kwa wiki, huzidisha kwa 4 wakasema hayo ndiyo matumizi ya mwezi. Mwaka una wiki 52. Miezi 12 mara wiki 4 ni 48. Wiki nne nzima, karibu mwezi mmoja wa chakula na nauli, hazimo kwenye bajeti ya mtu huyo, na kila mwaka atashangaa.

Malipo yasiyouma

Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara. Wanafunzi waliombwa waandike dau la siri la kununulia tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu ambao tiketi zake zilikuwa zimekwisha sokoni. Nusu yao waliambiwa mshindi atalipa taslimu. Nusu nyingine waliambiwa atalipa kwa kadi ya mkopo. Mchezo ni uleule na viti ni vilevile, lakini waliofikiria kadi waliandika dau ambalo kwa wastani lilikuwa zaidi ya mara mbili ya lile la waliofikiria noti. Na hao ni watu waliokuwa wanasomea biashara.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Prelec na mwenzake George Loewenstein walikuwa wameeleza kwamba kulipa kuna maumivu yake, na kwamba maumivu hayo hupungua kadiri tendo la kulipa linavyotenganishwa na tendo la kufaidi. Noti ikitoka mkononi unaiona ikiondoka, na pochi inapungua unene. Kadi ikiguswa kwenye mashine, hakuna kinachopungua mbele ya macho. Simu ikiwa imehifadhi namba ya kadi, hata kugusa hakupo. Safari hii ya kuondoa maumivu haikutokea kwa bahati. Septemba 1999 kampuni ya Amazon ilipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu, nchini Marekani kwa ajili ya utaratibu wa kununua kwa kubofya mara moja tu, ikailinda hataza hiyo hadi ilipokwisha muda mwaka 2017. Fikiria: kuondoa hatua mbili tatu kati ya kutamani na kumiliki ni jambo lenye thamani ya kulindwa kisheria. Muuzaji aliona kitu ambacho wengi wetu wanunuzi hatujakiona, kwamba kila hatua iliyoondolewa ilikuwa mahali ambapo mtu angeweza kughairi.

Kwa hiyo zirudishe hatua hizo. Futa namba ya kadi iliyohifadhiwa kwenye programu za ununuzi, ili ulazimike kuinuka ukaitafute. Zima arifa za punguzo. Toka kwenye akaunti kila unapomaliza, na nenosiri usilihifadhi. Bidhaa unayoitaka iweke kwenye kikapu, kisha funga programu urudi kesho. Kama kesho umesahau kwamba kikapu kina kitu, jibu umelipata. Haya yote yanaudhi, na kuudhi ndiko kunakotakiwa.

Wapo wanaopendekeza kurudi kwenye noti kabisa. Sina imani kamili na hilo. Kuna watu ambao noti mkononi huiona kama tayari imeshatumika, na pesa iliyo benki ndiyo wanayoiheshimu. Ukiwa wewe ni wa namna hiyo, kutoa pesa taslimu Jumatatu ni kujitengenezea ukata wa Jumatano. Jijue kwanza.

Kinachofanya kazi kwa pande zote mbili ni kuigawa pesa. Dilip Soman na Amar Cheema, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walifanya kazi na vibarua nchini India waliokuwa wakilipwa ujira wao taslimu. Pesa iliyokusudiwa kuwa akiba iliwekwa kwenye bahasha. Waliogawiwa akiba hiyo kwenye bahasha mbili walihifadhi zaidi kuliko waliowekewa kiasi kilekile kwenye bahasha moja. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: ukishachana bahasha, kizuizi kimevunjika na kilichobaki kinafuata. Ukiwa na bahasha ya pili, unalazimika kuamua tena. Akaunti ndogo ndani ya programu ya benki, au laini ya pili ya simu isiyo na matumizi mengine, ni bahasha zilezile kwa umbo jingine.

Upo ujanja mwingine wa wauzaji unaostahili kutajwa, ambao John Gourville wa Chuo Kikuu cha Harvard aliuchambua mwaka 1998: gharama kubwa kuivunja iwe ya kwa siku. Ukiambiwa kitu ni "kiasi kidogo tu kwa siku", akili huilinganisha na vitu vidogo vya kila siku, nayo huonekana si kitu. Dawa yake ni kugeuza hesabu. Zidisha kwa 365, uangalie kama bado unaitaka kwa bei hiyo.

Punguzo nalo lisomwe upya. Bidhaa iliyopunguzwa asilimia 30 ambayo hukuwa na haja nayo haikukuokolea asilimia 30. Imekugharimu asilimia 70. Vivyo hivyo usafirishaji wa bure unaotolewa ukifikisha kiasi fulani: ukiongeza kitu usichokihitaji ili kufikisha kiwango, umelipia usafirishaji, ila risiti imeuandika kwa jina jingine.

Yanayojilipa yenyewe

Kwenye huduma za kulipia kila mwezi, yaani za muziki, video, hifadhi ya picha, mazoezi, michezo ya simu, hapo ndipo pesa hutoka bila hata kubisha hodi. Mwaka 2006 Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha uchambuzi wa rekodi za wanachama zaidi ya 7,700 wa vituo vya mazoezi nchini Marekani. Waliochagua ada ya mwezi walikwenda kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi. Ukigawa ada yao kwa mahudhurio, kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati vituo hivyohivyo viliuza tiketi ya ziara 10 ambayo kila ziara iligharimu dola 10. Walilipia picha ya mtu waliyetaka kuwa.

Wachumi wengine, Liran Einav, Ben Klopack na Neale Mahoney, walitazama kinachotokea kadi ya benki inapobadilishwa na mteja akalazimika kuingiza namba mpya ili huduma iendelee. Usitishaji wa huduma uliruka juu. Wateja walikuwa hawaitaki huduma hiyo tangu zamani. Walikosa tu siku ya kuulizwa.

Basi jiulize mwenyewe. Njia ninayoipenda ni ya ukali kidogo: sitisha zote mwezi mmoja. Zile utakazozirudia kwa sababu ulizikosa kweli, zilipie kwa amani. Nyingine hutazikumbuka. Na ukijiunga na kitu kwa muda wa majaribio ya bure, sitisha siku ileile unayojiunga; huduma nyingi huendelea kukuhudumia hadi muda wa majaribio uishe, ingawa soma masharti kwanza. Ukikuta kitufe cha kujiunga ni kikubwa chenye rangi na cha kusitisha kimefichwa chini ya kurasa tatu, ujue si bahati mbaya. Harry Brignull, mbunifu wa Uingereza, amekuwa akikusanya hila za namna hiyo tangu mwaka 2010.

Hesabu ya "lipa kidogokidogo"

Hapa nitakwenda taratibu kwa sababu watu wenye akili timamu hunaswa.

Tuseme kitu kinauzwa 40, nawe unapewa nafasi ya kulipa 10 leo, kisha 10 kila baada ya wiki mbili mara tatu. Hakuna riba. Inaonekana haina ubaya, na kwa kitu kimoja haina. Sasa tuseme kila baada ya wiki mbili unachukua kitu kingine cha 40 kwa utaratibu uleule. Siku ya kwanza unalipa 10. Wiki ya pili unalipa 20, wiki ya nne 30, wiki ya sita 40. Kuanzia hapo unalipa 40 kila wiki mbili, kiasi kilekile ambacho ungelipa kama ungenunua kwa mkupuo. Hukupata nafuu yoyote ya kudumu. Ulichopata ni wiki sita za kujiona una pesa, na sasa hata ukiacha kununua leo, una deni la 60 linalokusubiri.

Mikopo ya siku 30 kupitia simu ina hesabu kali zaidi. Chukua mkopo wenye ada ya asilimia 10 kwa mwezi. Asilimia 10 inaonekana ndogo kwa sababu tumeizoea kwenye mambo mengine. Lakini ukiwa kila mwezi unalipa ada tu na kuuhuisha mkopo, baada ya miezi 10 utakuwa umelipa ada sawa na mkopo mzima, na mkopo wenyewe bado uko palepale, haujapungua hata senti. Ada hiyo ikiachwa ilimbikizane juu ya deni, 100 huwa zaidi ya 313 baada ya mwaka.

Ndiyo maana naona mtu mwenye deni la namna hii asipoteze nguvu kuanzisha akiba kubwa. Aweke kiasi kidogo cha dharura ili asikope tena, kingine chote kiende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote. Wengine hushauri kuanza na deni dogo ili upate moyo. Kihesabu si bora, ila kama moyo ndio unaokukwamisha, anza nalo.

Wanaochovya na buyu lao

Tuna methali: chovya chovya humaliza buyu la asali. Hutumika kuwaonya vijana kuhusu vitu vidogo vya kila siku, na wengi wameichukua kama mkakati mzima wa kubana matumizi. Nadhani inasema nusu ya ukweli.

Chukulia kipato chako cha mwezi ni 100. Kitu kidogo cha kila siku kinachogharimu 0.2 kitakula 6 kwa mwezi. Si haba. Lakini kukiacha kunahitaji ushinde vishawishi mara 365 kwa mwaka, na ukishindwa mara chache unajiona umeharibu yote. Linganisha na kodi ya nyumba inayokula 40. Ukipata mtu wa kuishi naye, au ukahamia mahali penye kodi ya 30, umeokoa 10 kwa uamuzi mmoja. Baada ya hapo hakuna cha kujikaza. Vivyo hivyo aina ya usafiri unaoutegemea, simu uliyonunua kwa mkopo, na bima unayoihuisha bila kulinganisha bei. Haya ni maamuzi yanayochosha siku moja na kulipa kila mwezi.

Lakini hayabadiliki kesho asubuhi. Mkataba una muda wake. Ndiyo sababu watu hukimbilia vidogo. Basi kwenye vidogo tofautisha unachokifaidi na unachokichovya kwa mazoea. Kama kuna kitu kimoja cha kila siku kinachokufanya uamke na hamu ya kuishi, kiache kiwemo kwenye bajeti, kwa jina lake. Kikatwe kile ambacho ukiulizwa jioni kama ulikinunua, inabidi ufikirie.

Mshahara ukipanda

Mwaka 1960 mwanahistoria wa Uingereza C. Northcote Parkinson aliandika kwamba matumizi hupanda hadi yakutane na kipato. Kila aliyewahi kupandishwa mshahara anaijua hali hiyo: miezi michache baadaye hali ya mfukoni ni ileile, ila vitu ni vya bei zaidi. Mchumi James Duesenberry alikuwa ameonyesha mwaka 1949 sababu mbili za hili. Kwanza, tunatumia kwa kujilinganisha na wanaotuzunguka kuliko kwa kutazama kipato chetu wenyewe. Pili, tukishazoea kiwango fulani, kushuka ni kugumu kuliko ilivyokuwa kupanda.

Kwa kijana sababu hizi zinakuja pamoja, kwa sababu umri huu ndio wa kupata kazi ya kwanza na pia ndio wa kuzungukwa na wenzako wanaopata kazi za kwanza. Na siku hizi wanaokuzunguka ni pamoja na mamia usiowajua, wanaokuonyesha sehemu bora kabisa ya wiki yao kwenye simu. Hakuna anayeweka picha ya taarifa ya deni lake.

Njia iliyothibitika ni kuamua kabla pesa haijafika. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, pamoja na Shlomo Benartzi, waliwaomba wafanyakazi wa kampuni moja wakubali mapema kwamba kila watakapopandishiwa mshahara, sehemu ya nyongeza itakwenda moja kwa moja kwenye akiba. Hakuna aliyeona mshahara wake ukipungua, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Katika miezi 40, akiba ya washiriki ilipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6. Mantiki hiyohiyo unaweza kuitumia bila mwajiri: weka agizo la kudumu benki lihamishe akiba siku ileile ya mshahara, na siku utakayopandishwa, liongeze kabla hujapokea mshahara mpya wa kwanza. Pesa isiyopita mkononi haiombolezwi.

Daftari, lakini si maisha yote

Mwaka 1904 Motoko Hani, mwandishi wa habari wa Japani, alitoa daftari la hesabu za nyumbani ambalo Wajapani wameendelea kulitumia kwa namna mbalimbali. Ubora wa daftari la mkono ni kwamba linarudisha lile umivu lililoondolewa: unalipa mara ya pili kwa kuandika. Ila nina shaka na wanaoshauri kuandika kila senti milele. Wengi huacha wiki ya tatu, wakajihukumu, wakaacha na bajeti pia. Andika mwezi mmoja, kwa ukamilifu. Lengo ni kupata picha, na picha ikishapatikana unaweza kuishi na namba moja tu.

Namba hiyo ni hii: kipato, toa kodi na bili, toa akiba, toa marejesho ya deni, toa ule mfuko wa mambo yasiyo ya kawaida. Kinachobaki kizidishe kwa 12, gawa kwa 52. Hicho ndicho cha kutumia kwa wiki, kwa chakula, nauli, starehe na kila kitu. Kihamishie kwenye akaunti yake kila Jumatatu. Ukikimaliza Ijumaa, una siku mbili za kujibana, ambazo kila mtu anaziweza. Mwenye bajeti ya mwezi akikwama tarehe 18 ana siku 12, ndipo anapokopa.

Marafiki ndio mtihani. Kukataa kila mwaliko kunakuacha mpweke, kukubali kila mwaliko kunakuacha na deni. Jaribu kuwa wewe unayepanga. Anayependekeza mahali ndiye anayeamua bei, na mara nyingi wenzako nao walikuwa wanatafuta mtu wa kupendekeza pa bei nafuu. Wanaokuomba msaada wawekee mfuko wao kwenye bajeti, kiasi unachoweza kutoa bila kudai kirudi. Ukiisha, umeisha, na kusema hivyo ni rahisi zaidi kuliko kubuni kisingizio.

Haya yote yana mpaka. Mwaka 1857 mtakwimu wa Ujerumani Ernst Engel aliona kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyokwenda kwenye chakula. Kuna kiwango cha kipato ambacho ukishalipa kula, kulala na kufika kazini, hakuna kilichobaki cha kubanwa. Kama umefanya hesabu ya hapo juu na namba ya wiki imetoka chini ya sifuri hata baada ya kuondoa kila starehe, tatizo lako si matumizi. Saa ulizokuwa uzitumie kuchambua risiti zipeleke kwenye kutafuta kipato: kudai nyongeza, kujifunza ujuzi unaolipa, kubadili kazi.

Na ukiharibu mwezi, usiufidie kwa mwezi wa adhabu. Mwezi wa adhabu huzaa mwezi wa kulipiza. Angalia ni kundi gani la matumizi lililopasuka. Likipasuka mara tatu mfululizo, namba uliyoliwekea ni ndogo mno. Iongeze, na uamue ni kundi gani jingine litakalopunguzwa ili jumla itimie.